Gari dogo lenye kilomita 160,000: nianze kutengeneza nini, na gharama zinatoka wapi?

Mlima_Mrefu aliuliza:

Habari zenu wakuu. Ninatumia gari dogo la milango mitano, lenye injini ya petroli ya lita 1.5, silinda nne na gia ya otomatiki ya aina ya CVT (isiyo na hatua za gia). Limeshatembea kilomita zipatazo 160,000. Kwa muda mrefu halikunisumbua, lakini sasa matatizo yamekuja kwa pamoja, na fundi aliyelitazama ameniandikia orodha ambayo jumla yake inakaribia thamani ya gari lenyewe.

Dalili zake ni hizi. Asubuhi injini huwaka vizuri na kutulia, ila nikipanda mlima au nikikanyaga mafuta kwa nguvu inamisi na kukosa nguvu, kisha taa ya injini huwaka, na mara nyingine hupepesa. Kodi ya hitilafu iliyosomwa na mashine ni P0302. Nikisimama foleni nikiwa kwenye D, usukani na kiti hutetemeka, lakini nikiweka N hali hutulia. Nikikata kona kali kwa mwendo mdogo, kuna mlio wa ta-ta-ta kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Mwisho, maji ya rejeta hupungua kidogo kidogo ingawa sioni tone chini ya gari.

Fundi anasema nibadilishe koili zote nne (zinazozipa plagi umeme) na plagi, nozeli (zinazopuliza petroli), masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi), gia boksi nzima, shafti zote mbili za magurudumu ya mbele, na nifungue silinda hedi (kichwa cha injini) ili niweke gasketi mpya chini yake. Naomba kujua ni vipi vya lazima na vipi vinaweza kusubiri. Naomba pia mnieleweshe kwa nini gasketi, ambayo ni kipande chembamba tu, inatozwa ufundi mkubwa kiasi kile.

Spana_Kumi alijibu:

Ndugu, orodha hiyo imeandikwa kabla ya kupima. Haina maana kwamba fundi wako ni mwongo. Fundi akiona dalili nyingi kwa wakati mmoja hutaja kila kinachoweza kuhusika ili asije akalaumiwa baadaye. Tatizo ni kwamba anayelipia kubahatisha huko ni wewe.

Anza na injini kumisi, kwa sababu ndilo tatizo linaloharibu kitu kingine kadiri unavyoendelea kuendesha. Kodi P0302 inasema silinda namba 2 haichomi mafuta ipasavyo. Haisemi chanzo ni koili, plagi, nozeli au mgandamizo. Kuna kipimo kisichogharimu chochote. Injini ikiwa imepoa, chomoa koili ya silinda namba 2 na ya namba 3 (kwa kawaida kila moja imeshikwa na boliti moja ya spana namba 10), uzibadilishane nafasi, ufute kodi, kisha upande mlima uleule unaolisumbua gari. Kodi mpya ikiwa P0303, ubovu umehama pamoja na koili, na utanunua koili moja badala ya nne. Ikibaki P0302, rudia zoezi hilo kwa plagi. Ikigoma kuhama hata hapo, ndipo upimwe mgandamizo wa silinda na kukaguliwa nozeli.

Unapochomoa koili, tazama ndani ya shimo la plagi. Ukikuta oili humo, sili za mfuniko wa vali zimechoka, na koili mpya utakayoiweka juu ya oili hiyo haitadumu. Itazame na plagi yenyewe: rangi ya kahawia iliyofifia kwenye kauri ni nzuri, weusi uliolowa ni mafuta yasiyoungua, na plagi moja iliyosafika na kuwa nyeupe kabisa huku nyenzake zina rangi ya kawaida huashiria kwamba maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda hiyo.

Kuhusu taa kupepesa: hiyo ni ishara ya kuondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Petroli isiyoungua ndani ya silinda huenda kuungulia kwenye masega, ambayo hupata joto hadi kuyeyuka na kuziba njia ya moshi. Koili ni miongoni mwa spea nafuu za injini, masega ni miongoni mwa zile ghali kabisa, na moja huiua nyingine. Kwa sasa masega usiyaguse. Injini ikishatulia, kodi ya P0420 (ya masega kutosafisha moshi ipasavyo) ikijitokeza na kubaki, tutayajadili.

Busara_ya_Biashara alijibu:

Mimi nashauri liuzwe. Gari likishafikia hatua ambayo matengenezo yanalingana na thamani yake, kila fedha unayoweka imepotea. Likiuzwa likiwa bado linatembea, mnunuzi atalichukua kama lilivyo na wewe utapumua.

Mama_wa_Gereji alijibu:

Ndugu Busara, hesabu hiyo hufanywa sana, ila ina kasoro. Matengenezo hayapaswi kulinganishwa na bei ya gari hili, bali na gharama ya kupata jingine ambalo nalo huijui historia yake, wala hujui oili yake ya gia ilibadilishwa lini. Tena mnunuzi si kipofu: akisikia mlio huo kwenye kona, atakata bei ya shafti mbili hata kama kilichoharibika ni moja.

Ndugu Mlima_Mrefu, nikujibu suala la gasketi, kwa kuwa ndilo lililokutia hofu. Gasketi yenyewe ni rahisi. Unacholipia ni njia ya kuifikia: mafundi wanamwaga oili na maji, wanafungua njia ya hewa na ya moshi, wanatoa cheni au beliti ya taimingi, kisha ndipo hedi inanyanyuliwa. Hedi nyingi za magari madogo ni za aluminiamu, na zikipata joto kupita kiasi hupinda, kwa hiyo hupelekwa kwenye karakana ya mashine zikapimwe ufa na kusawazishwa uso. Katika injini nyingi boliti za hedi ni za kufungwa mara moja tu, hivyo hununuliwa mpya. Baada ya hapo kila kitu kinarudishwa kwa vipimo, na kosa dogo la taimingi linaweza kugonganisha vali na pistoni. Kazi hiyo huchukua siku nzima au zaidi, na ndiyo maana bei ya ufundi huizidi mbali bei ya spea. Kwa klachi ya gari la gia za mkono ni hivyohivyo: kinacholipiwa ni kuishusha gia boksi, na ndiyo sababu fundi mwangalifu akishaishusha hubadilisha pia beringi ya klachi, na huikagua sili ya nyuma ya kranki.

Sasa, je, gasketi yako imeharibika kweli? Umesema asubuhi injini huwaka vizuri na kutulia. Hicho ni kielelezo kizuri, kwa sababu gasketi inayopitisha maji kwenye silinda mara nyingi huonekana asubuhi: maji yamejikusanya usiku, injini huwaka ikimisi na kutoa moshi mweupe mzito, kisha hutulia ikishapata moto. Kwako ni kinyume, inamisi ikibebeshwa mzigo, na hiyo ni tabia ya koili au plagi zaidi. Hata hivyo makisio yasiwe kipimo.

Gereji iwe na pampu ya mkono ya kupimia mfumo wa maji. Injini ikiwa baridi, pampu hufungwa mahali pa mfuniko wa rejeta, mfumo hujazwa shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko, kisha mshale huachwa kwa dakika kadhaa. Ukishuka, kuna uvujaji, na unatafutwa kwa tochi: kwenye tundu dogo la chini ya pampu ya maji, kwenye maungio ya plastiki na aluminiamu ya rejeta, kwenye mipira, na ndani ya gari chini ya zulia la upande wa abiria, kwa sababu rejeta ndogo ya hita nayo huvuja. Kutoona tone chini hakumaanishi kitu, maana maji yakidondokea chuma cha moto hukauka na kuacha alama nyeupe au yenye rangi ya kipozeo (maji ya rejeta yenye dawa) ulichotumia. Kama shaka ya gasketi bado ipo, kipo kipimo cha kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta. Kikigeuka njano, gesi ya moshi inaingia kwenye maji, na hapo hedi ifunguliwe bila ubishi.

Mfuniko wa rejeta wenyewe upimwe pia. Shinikizo la takriban bar 1 huinua kiwango cha kuchemka cha maji kutoka nyuzi 100 hadi karibu nyuzi 120 za selsiasi, hivyo springi yake ikilegea maji huchemka mapema na kutokea kwenye njia ya ziada. Ni kitu cha bei ndogo sana ambacho wengi hawakikumbuki hadi gari limechemsha. Wala usijaze maji matupu kila siku. Kipozeo kina dawa ya kuzuia kutu, na pampu huharibika bila hiyo.

Spana_Kumi aliongeza:

Mlio wa ta-ta-ta kwenye kona kali ni jointi ya nje ya CV, yaani ungio la shafti upande wa gurudumu. Lala chini utazame buti yake ya raba. Ikiwa imepasuka utaona grisi imerushwa ndani ya rimu na kwenye shokapu. Buti ikikutwa imepasuka kabla ya mlio kuanza, huwekwa mpya na grisi mpya, na gharama ni ndogo. Kwako mlio umeshaanza, kwa hiyo mchanga umeshakula jointi, na ni jointi hiyo au shafti hiyo ya kushoto itakayobadilishwa. Ya kulia iachwe kama buti yake ni nzima. Usichanganye mlio huu na mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyopanda. Huo ni wa beringi ya gurudumu, na ukipinda kushoto ukaongezeka, mara nyingi ubovu uko kulia, kwa kuwa uzito wa gari umelalia huko.

Mlima_Mrefu alijibu:

Ahsanteni sana. Nimebadilishana koili kama nilivyoelekezwa, na kodi imehamia P0303. Mashimo ya plagi ni makavu, na plagi zote zina rangi inayofanana. Buti ya kushoto imepasuka kabisa, ya kulia ni nzima. Kipimo cha maji kitafanyika gereji nyingine. Kinachonisumbua sasa ni gia boksi, maana ndiyo iliyobeba karibu nusu ya orodha.

Mama_wa_Gereji alijibu:

Weka koili kwanza, kisha usikilize upya, kwa sababu injini inayomisi nayo hutetemesha gari likiwa limesimama. Mtetemo ukibaki kwenye D na kutoweka kwenye N huku gari halitembei, kitu cha kwanza kushuku ni mauntingi za injini, yaani zile raba zinazobeba injini na gia boksi. Fungua boneti, mtu akanyage breki sawasawa, aingize D kisha R, nawe usimame pembeni, usikae mbele ya gari. Injini ikinyanyuka na kuanguka kwa kishindo, raba imekatika. Kazi ya kuibadilisha haikaribiani hata kidogo na bei ya gia boksi.

CVT inayokufa husema kwa namna nyingine: mshale wa mizunguko ya injini hupanda lakini mwendo haufuati, gari hushtuka linapoanza kuondoka, au husikika mlio mwembamba unaopanda pamoja na mwendo. Hukutaja hata kimoja.

Oili yake ibadilishwe, lakini kwa masharti. Itumike aina ileile inayotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa kuwa ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili ya otomatiki ya kawaida huufanya uteleze na kuchimba puli. Imwagwe na kujazwa kwa utaratibu bila kusukumwa kwa mashine, na kina kipimwe oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, maana oili hutanuka ikipata moto. Uwepo wakati sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi) inafunguliwa, uombe kuonyeshwa sumaku zilizomo. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, linafutwa na sampo inafungwa. Ukiona vipande vinavyong'aa ambavyo unaweza kuvishika kwa kucha, basi mkanda au puli vimeanza kulika, na hapo ndipo bei ya gia boksi itakuwa na sababu ya kujadiliwa.