Treni ya Kisumu "haijilipi"? Nitajieni barabara inayojilipa

Wadau, treni ya abiria ya Nakuru–Kisumu ikitajwa tu, anajitokeza mtu na lile neno lake: "Haijilipi." Akishalisema anaona amemaliza kazi. Hebu leo tuifanye hiyo hesabu hapa, halafu aje na lingine.

Treni ilirudi Kisumu Desemba 2021 baada ya miaka ya kimya. Ilitoka Nairobi Ijumaa jioni kupitia Nakuru, ikarudi Jumapili. Nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 600. Tuseme kwa mfano ina mabehewa 8, kila behewa viti 70. Hao ni abiria 560, yaani matatu 40 za viti 14. Ikijaa pomoni inaingiza shilingi 336,000, na kwenda na kurudi ni 672,000. Basi, wiki imeisha. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mchana mabehewa yamesimama, na yakisimama bado yanakula pesa: mlinzi anataka mshahara, betri zinakufa, breki zinataka kukaguliwa, paa linashika kutu. Genge la mafundi wanaokagua reli linatembea njia ileile ya kilomita 217 kutoka Nakuru hadi Kisumu, iwe imepitiwa na treni moja ama kumi na nne. Gharama ya wiki nzima umeipakia kwenye safari mbili, kisha unashangaa safari haijilipi! Hata basi la kwenda Busia ukiliruhusu litembee Ijumaa na Jumapili tu, mwenyewe atalirudisha kwa benki.

Tena kuna ujanja mwingine ambao watu hawauoni. Reli hiyo haipitishi abiria peke yao. Inabeba mizigo ya bandari ya Kisumu, yakiwemo mabehewa yanayopandishwa kwenye MV Uhuru kuvuka ziwa. Sasa kokoto, mataruma (yale magogo yanayolazwa chini ya reli) na madaraja ya njia hiyo yote yakibebeshwa tiketi ya mama anayepandia Kipkelion, stesheni ya njiani, kweli ataonekana mzigo kwa taifa. Kwanza tenganisheni vitabu viwili: kimoja cha kutunza njia, kingine cha kuendesha treni. Bila hivyo hakuna ofisi inayoweza kutuambia treni inapata hasara ya kiasi gani, kwa sababu haiijui.

Najua mtasema matatu wanalipia barabara kupitia ushuru wa mafuta. Sawa, wanalipa: shilingi 25 kwa kila lita tangu Julai 2024, kutoka 18. Ila hakuna mwenye matatu anayeajiri watu wa kuziba mashimo ya barabara ya Mau Summit, na hakuna waziri aliyewahi kusimama jukwaani akauliza kipande cha Kericho hadi Ahero kimeleta faida gani mwaka huu. Na reli je? Reli tunailipia sote! Tangu 2013 kuna ushuru wa reli kwa bidhaa zinazoingia nchini. Ulianza asilimia 1.5 ya thamani ya forodha, na tangu mwisho wa 2024 uko asilimia 2. Marobota ya mitumba ya soko la Kibuye, Kisumu, yameulipa. Spea za bodaboda ya Molo zimeulipa. Ushuru huo ulianzishwa kwa ajili ya SGR, ile reli mpya inayoanzia Mombasa, na SGR ya abiria inaishia Suswa, haifiki hata Nakuru. Mtu wa Muhoroni anachangia reli ya Mombasa kila akinunua kiatu, ila ya kwake akiiuliza anaambiwa ijitegemee.

Nauli ya SGR ya Nairobi–Mombasa ilipoanza 2017 ilikuwa 700, ikawa 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500. Hata kwa hiyo 1,500, mkopo wa China unalipwa na Hazina, si tiketi. Kwa hiyo ruzuku ya treni ya abiria ipo Kenya, ila inajua njia ya kuteremka pwani tu.

Twende kwenye kinachoiua treni yetu yenyewe, maana wengi wanadhani ni ukosefu wa abiria. Ni mwendo. Reli ina upana wa mita moja, na njia ni moja tu, kwa hiyo treni zinapishana stesheni. Inapanda kutoka Nakuru hadi zaidi ya mita 2,500 huko Mau, halafu inateremka kwa kona na madaraja ya chuma kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan hadi ziwani, mita 1,131. Huko huwezi kukimbia. Lakini muda mwingi haupotei kwa mlima, unapotea kwa vipande vibovu. Mvua ikinyesha, udongo unaingia kwenye kokoto, maji hayapiti, tope linapanda, taruma linaning'inia hewani, na maungio ya reli yanabonyea kila gurudumu linapopita. Mkaguzi anaweka kikomo cha kilomita 15 kwa saa. Kipande cha kilomita 5 kilichotaka dakika 6 kwa mwendo wa 50 sasa kinachukua 20. Vikiwa vipande kumi vya namna hiyo, umepoteza saa mbili na dakika 20, na bado sijahesabu kufunga breki na kuchapuka upya. Kule chini, kati ya Kibigori, Miwani na Kibos, ni kalvati kuzibwa na mchanga na mto Nyando kufurika. Dawa si ya ajabu: kuchekecha kokoto au kuongeza mpya, kuzibua mitaro kabla ya mvua za Machi, kukaza na kurudisha vishikizo vya reli vilivyoibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Hiyo ndiyo ruzuku ya kwanza ninayoidai, iende kwenye kokoto na mitaro, wala isianzie kwenye rangi mpya ya mabehewa siku ya uzinduzi.

Ya pili ni ya kuendesha treni, na hapa sitaki pesa za kumwaga. Ruzuku ya hundi moja kwa mwaka italiwa, tunajuana. Iwe mkataba: serikali inalipa kiasi fulani kwa kila kilomita ambayo treni imetembea kweli. Safari ikifutwa, hakuna malipo. Ikichelewa zaidi ya dakika 30 bila sababu ya mafuriko au ajali, inakatwa. Nauli iwe na kikomo, Desemba ikiwemo, maana mwezi huo ndio matatu hujipangia bei. Na hesabu zichapishwe kila robo mwaka.

Treni yenyewe isiwe ya usiku wa Ijumaa tu. Iwe ya mchana, kila siku, Nakuru–Kisumu, ya mabehewa machache yenye injini zake, kama zile za dizeli zilizotumika zilizonunuliwa Mallorca, Uhispania, kwa ajili ya abiria wa Nairobi. (Zile zilinunuliwa kwa pesa za umma na hakuna aliyeuliza kama zitajilipa.) Kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa ni kama saa tano na nusu. Matatu itawahi, simdanganyi mtu. Lakini matatu haibebi magunia sita ya viazi vya Molo kwa bei ya kueleweka, haimfikii mtu wa Fort Ternan barabara ikigeuka tope, na baada ya ajali ya barabarani ya Juni 30, 2023 pale Londiani Junction, ambapo zaidi ya watu 50 walikufa jioni moja, kuna wasafiri ambao wangelipa kwa saa zao ili wafike.

Watu wa Butere mtanikasirikia: tawi lenu la reli la kilomita 69 kutoka Kisumu kupitia Maseno, Luanda na Yala lisubiri. Barabara ile ina matatu kila baada ya dakika chache, na vyombo vikigawanywa mapema tutakuwa na treni mbili zisizotegemeka badala ya moja inayofika.

Kabla hujajibu "SGR inakuja Kisumu", nijibu wewe kwanza: itafikia Kipkelion mwaka gani, nauli kiasi gani, na hadi hapo kokoto ya njia iliyopo itawekwa na nani? Wabunge wa Kisumu, Kericho na Nakuru mko kwenye bajeti kila mwaka. Ulizeni swali moja kwa maandishi: kilomita moja ya treni ya abiria Nakuru–Kisumu inagharimu shilingi ngapi, ukiondoa mizigo? Jibu likija, liwekeni hapa.