Waliopunguza tumbo kwa upasuaji, Dodoma na jirani: tupeane uzoefu (mimi kilichonirudisha wodini ni maji)

BintiIlazo

Mbukwenyi wakuu. Uzi huu nimeuwaza tangu mwaka jana nikawa naogopa kuchekwa. Naomba waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, waliowekewa puto tumboni na wanaojiandaa, kila mtu asimulie yaliyompata mwenyewe. Za "shemeji ya rafiki yangu alifia mezani" tuziache, hizo tulishaambiwa zote kabla hatujaondoka nyumbani.

Naanza. Miaka 39, urefu sentimita 161, siku ya kwanza kliniki mzani ulisoma kilo 126. BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, 48 na ushee. Presha ninayo tangu uzazi wa pili, na magoti yalikuwa yanalia kama kitanda cha chuma nikipanda ngazi za ofisini. Nilifanyiwa Dar, Juni mwaka jana, ule wa kukata mfuko wa tumbo ukabaki mwembamba kama ndizi. Madaktari wanauita slivu. Sehemu kubwa ya tumbo, zaidi ya robo tatu, inatolewa na hairudi. Bima yangu ilikataa kulipa, tukauza kiwanja cha Nala. Mume wangu hunikumbusha kila tukishika barabara ya Singida.

Kabla ya siku yenyewe kuna kazi. Vipimo vya damu, moyo, sukari. Nikamezeshwa mpira wenye kamera kuangalia vidonda vya tumbo, wakakuta wale bakteria wanaoleta vidonda, nikatibiwa kwanza. Daktari wa usingizi akauliza kama nakoroma. Nikasema sidhani. Mume wangu alicheka mpaka daktari akaandika bila kuniuliza tena, nikapimwa kupumua usiku na kupewa mashine ya kulalia. Halafu wiki mbili bila ugali, wali, chapati wala soda: mayai, samaki, kuku wa kuchemsha, mboga. Sababu ni ini. Kwa watu wa uzito wetu ini linajaa mafuta na linalala juu ya tumbo palepale anapotaka kupita daktari. Ukila hivyo wiki mbili linanywea, kazi inakuwa rahisi. Nililia siku ya nne kwa harufu ya chapati za jirani, nakiri.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nililala nikaamka. Matundu matano madogo. Kilichouma ni bega! Ile gesi wanayojaza tumboni ili kamera ione inapanda mpaka begani. Jioni hiyohiyo nesi akanitembeza korido, damu isije ikaganda miguuni. Siku ya tatu nikaruhusiwa na sindano za kujichoma tumboni.

Siku ya kumi nikarudi Dodoma kwa treni ya SGR. Kila kituo nilisimama nikatembea behewa zima, Morogoro, Kilosa, Gulwe, abiria wakadhani mimi ni mhudumu. Nikafika salama, nikajiona mshindi.

Sasa maji. Mnaijua Dodoma ya Juni na Julai, baridi na upepo mkavu unaopasua midomo. Kiu haipo kabisa. Na tumbo jipya ukilipa funda mbili za haraka linakaza kifuani kama umemeza jiwe. Basi nikawa nalamba tu. Nilikuwa naandika kila kijiko cha supu, gramu za protini, vidonge, yote kwenye daftari. Maji sikuandika, nani anaandika maji? Siku ya kumi na sita mkojo ukawa kama chai ya rangi, ulimi msasa. Asubuhi nikasimama kutandika kitanda nikajikuta sakafuni. Hospitali moja ya hapa mjini wakanitundikia dripu nne. Daktari kijana akaniuliza nimekunywa kiasi gani jana. Nikashindwa kujibu.

Nilivyotoka nikachukua kikombe cha kahawa, vile visivyo na mkono vya wauza kahawa na kashata. Nikakipima kwa bomba la sindano la mililita 10: mabomba matano, mililita 50. Daktari anataka lita moja na nusu, yaani vikombe 30. Nikiwa macho saa kumi na tano, ni kikombe kila nusu saa. Nikaweka alamu kwenye simu, nikapanga maharage 30 kwenye sahani, kila kikombe harage moja linahamia sahani ya pili. Mwanangu wa darasa la tatu akawa mkaguzi. Tangu hapo sijaona dripu. Mwaka umepita, nina kilo 90.

Haya, karibuni.

KibaigwaMahindi

Si mfunge tu mdomo na kukimbia asubuhi? Kiwanja kimeuzwa bure.

BintiIlazo

Mkuu nimefunga mdomo miaka kumi na tano. Nilishapunguza kilo 20 mara tatu na zikarudi na wenzake. Sehemu ya tumbo wanayotoa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Hilo huwezi kulikimbilia asubuhi. Pita salama.

UpepoWaMtumba

Mimi nilikuwa wa puto. Kwa wasiojua: hukatwi popote, linaingizwa mdomoni likiwa limenywea, linajazwa maji ya chumvi tumboni. Langu lilikuwa la miezi sita kisha linatolewa. Hapa nchini hospitali ya Mloganzila, Dar, wanaweka, na upasuaji wanafanya pia. Mimi yangu niliwekewa kwingine.

Siku tatu za kwanza nilitapika mpaka nikamwambia daktari kwenye simu aje alitoe, sitaki tena. Akaniambia vumilia, tumbo linadhani umemeza kitu kibaya linataka kukitoa. Siku ya nne likatulia. Yale maji yana rangi ya bluu makusudi: ukiona mkojo wa kijani au bluu, puto linavuja, kimbia hospitali. Miezi sita yote nilikuwa nakagua choo kama afisa afya.

Nilipungua kilo 13. Lilipotolewa sita zikarudi, maana nilikuwa nalitegemea puto linisimamie na chipsi mayai za jioni sikuwahi kuziacha, nilipunguza tu. Siwadanganyi. Sasa nafikiria upasuaji, ndiyo maana naweka kambi hapa.

MumeWaMtu

Wanawake mnaruhusu mume kuchangia? Mke wangu alifanyiwa miezi saba iliyopita, mimi ndiye mpishi.

Hakuna aliyeniandaa. Tulipewa karatasi: wiki ya kwanza vimiminika vyepesi, kisha vizito, kisha vya kusaga, vilaini, ndiyo vigumu. Ilikuwa imeandikwa kwa mtu wa mbali sana na soko la Majengo. Jibini la maji, brokoli. Nikaanza kubuni. Kuku nilimchemsha nikamsaga na supu yake kwenye blenda, akatoka kama simenti, tukamwaga. Nikajifunza: nyama kidogo supu nyingi, chuja na chujio la chai. Mtindi mzito usio na sukari ulifaa. Dagaa wa kusaga kwenye supu ya nyanya. Maharage yaliyochemshwa mpaka yakakata tamaa, nikayapitisha kwenye chujio kuondoa maganda. Lengo tuliloambiwa ni gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina kama sita tu, fanyeni hesabu muone kazi ilivyo.

Vijiko vinne vya chai anasema ameshiba. Cha tano kinarudi. Hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka Mpwapwa na kuku wawili na gunia la karanga, akaona mwanae anakula kwa kijiko cha chai. Hakunisemesha siku mbili. Alidhani namnyima.

Na majirani. "Mama nanii mbona kakonda hivyo, kapima?" Walimaanisha nini mnajua. Mke wangu hakutaka watu wajue kafanyiwa, mimi nikawa namezea tu. Kwenye kikao cha wazazi mwenzangu mmoja alinishika mkono pembeni akanipa pole. Pole ya nini? Nikapokea.

NesiMstaafu

Wanangu, nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi. Binti, ulichofanya na maharage ningekichukua kliniki kama kilivyo. Watu hujiandaa na kidonda, na kinachowarudisha wodini mara nyingi ni upungufu wa maji. Tumbo dogo halina mahali pa kuweka glasi nzima, na ule uji, chai, matunda na supu uliokuwa unakuletea maji bila kujua, umeacha. Usinywe pamoja na chakula wala mara baada yake, ngoja nusu saa. Sasa ondoa hizo saa za kula na kungoja kwenye siku, uone zimebaki ngapi.

Yasiyongoja kesho: moyo kwenda mbio zaidi ya 120 nawe umekaa, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba. Bega la gesi linapoa kwa kutembea. Bega linalouma pamoja na homa na moyo mbio linaweza kuwa tumbo linavuja kwenye mshono. Usisubiri basi la asubuhi.

Kutapika siku nyingi mfululizo pia usikuzoee. Vitamini B1 inaisha haraka, mtu anaanza ganzi miguuni na kuona mbilimbili. Na ukienda duka la dawa na kichwa kinauma, mwambie muuzaji umekatwa tumbo. Diklofenaki na ibuprofeni ziacheni, hasa waliofanyiwa baipasi (ule upasuaji wa kuunganisha tumbo dogo na utumbo wa chini), zinaleta vidonda. Parasetamoli inatosha.

Hombolo1

Mimi ni wa baipasi, nilifanyiwa India kwa sababu ya kisukari. Tumbo linabaki kama yai na utumbo unaunganishwa chini zaidi. Sindano za insulini niliacha kabla sijapanda ndege kurudi, hilo silisahau.

Ninachotaka kusimulia ni harusi ya mdogo wangu, mwezi wa nne baada ya upasuaji. Sisi kwetu ni zabibu, nimekulia shambani. Nikaona glasi ndogo ya juisi ya zabibu haina neno, tunda la nyumbani. Dakika kumi na tano hazikuisha. Jasho likanitoka mpaka suti ikashika mgongo, moyo mbio, tumbo likanguruma, nikatoka ukumbini nikijifanya napokea simu. Nililala kiti cha nyuma cha gari na viatu nje ya mlango nusu saa nzima. Picha ya familia sipo. Sukari inashuka kwenye utumbo kwa mkupuo, ndicho walichoniambia, na nilikuwa nimeonywa.

Mvinyo nao: glasi moja inafanya kazi ya tatu, na haraka. Usiendeshe hata kwa hiyo moja.

UpepoWaMtumba

Nywele je? Nasikia zinadondoka.

BintiIlazo

Zinadondoka dada. Mimi mwezi wa nne, kitana kinajaa. Nilinyoa nikavaa wigi, mwezi wa tisa zikaanza kujaa tena. Ila usiruke vidonge: mchanganyiko wa vitamini, B12, chuma, kalsiamu, maisha yote. Chuma usimeze na chai, wala na kalsiamu kwa wakati mmoja, achanisha saa mbili.

NesiMstaafu

Na uzazi wa mpango, Upepo. Mwili ukipungua mayai yanaamka. Niliwahi kuona mama wa miaka 41 aliyekuwa amekata tamaa ya mtoto akashika mimba mwezi wa tano tangu akatwe. Tunashauri asubiri miezi 12 mpaka 18. Vidonge vya kuzuia mimba baada ya baipasi si vya kutegemea, ulizia njia nyingine kabla ya kukatwa.

KongwaKaskazini

Mimi nilifika mwezi wa nane ndiyo nyongo ikaleta mawe. Maumivu chini ya mbavu za kulia usiku baada ya kula vya mafuta. Nikaambiwa ukipungua haraka hutokea. Imetolewa, niko sawa. Hakuna aliyenitajia kabla, ndiyo naitaja.

DerevaManyoni

Wakuu nimesoma yote. Mimi naendesha lori, kilo 148, nimepangiwa mwezi ujao. Sigara nimeacha wiki ya sita sasa, daktari aligoma kunipa tarehe mpaka niache. Hofu yangu ni hivyo vikombe. Nitavipangaje kwenye lori? Na nikishafika stendi, kila mama ntilie ananijua kwa sahani.

BintiIlazo

Kaka, kwanza wiki za mwanzo huendeshi, na daktari ndiye atakayekuruhusu, usijiruhusu mwenyewe. Ukirudi barabarani chukua chupa ya nusu lita uiwekee mistari kumi kwa kalamu ya wino mzito. Mstari mmoja kila nusu saa, ukizidi utatapika kwenye usukani. Kwa mama ntilie sema una vidonda vya tumbo. Watakuonea huruma na kukupa supu.

DerevaManyoni

Hiyo ya vidonda nimeichukua. Swali la mwisho na msinicheke: mlenda, wiki ya ngapi?

BintiIlazo

Niliruhusiwa wiki ya tano, wa karanga, na ulishuka kuliko chakula chochote nilichokuwa nimejaribu. Bila ugali lakini. Mama alikaa kigodani ananiangalia nakula mlenda kwa kijiko cha chai, akaniuliza kama siku hizi nimekuwa Mzungu.