Mrejesho: Boeing 777 sasa inapanda na kushuka vizuri

Wakuu, niliuliza mambo mawili: kwa nini 777-300ER yangu kwenye simuleta ilipoteza mwendo nilipoilazimisha kupanda futi 39,000 mara baada ya kuruka, na kwa nini haikuanza kushuka yenyewe ilipokaribia Singapore. Yote yametatuka, asanteni sana.

La kwanza lilikuwa uzito, kama mlivyosema. Ikiruka na mafuta ya saa 13 na mzigo kamili, ndege hii inakaribia tani 350, na huko juu hewa ni nyepesi mno kuibeba. Safari hii nimeondoka London, nikatulia futi 31,000, nikaacha injini zichome mafuta, tani saba na zaidi kila saa, kisha nikapanda 33,000, 35,000, mwisho 37,000. Ukihesabu kwa maelfu ni namba witiri (31, 33, 35, 37), kwa sababu naelekea mashariki; wanaoelekea magharibi hutumia shufwa. Hilo sikulijua kabisa. Kuona kikomo cha kimo kwenye kompyuta ya safari kikipanda polepole kadiri mafuta yanavyopungua kumenifurahisha kuliko hata kutua.

La kushuka lilikuwa dogo. Kompyuta ilikuwa na hesabu zote, ila kwenye paneli ya otopailoti (mfumo unaoiendesha ndege wenyewe) nilikuwa nimeacha kimo kilekile cha safari, na ndege haishuki chini yake mpaka rubani aweke kimo kipya. Sasa nakibadilisha mapema.

Kesho narudi London, kwa namba shufwa.