Naomba ushauri: njia ya matembezi na baiskeli kando ya Mto Rau, Moshi

Ndugu wanajamii, habari zenu. Kamati ya mtaa wetu hapa Moshi imekubaliana kuomba njia iliyosakafiwa, yenye upana wa mita 3, ili waendesha baiskeli, wazee na watumiaji wa viti vya magurudumu wapishane bila kugongana. Iliyopo sasa ni ya udongo. Masika iliyopita nilimwona bibi mmoja amevua kandambili, amezishika mkononi, akitembea peku kwenye tope ili asiteleze, na jambo hilo liliniuma sana.

Kinachonitatiza zaidi ni mto wenyewe, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na sehemu kubwa ya njia yetu imo humo. Je, tuanzie manispaa, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au NEMC (baraza la taifa la mazingira)?

Kuhusu sakafu, naegemea vitofali vya zege kuliko lami, maana mizizi ikivifumua hupangwa upya, ingawa kiti cha magurudumu hutikisika juu yake. Aliyewahi kusimamia ujenzi wa namna hii, tafadhali anieleze alivyofanya.