Kocha kamwambia mdogo wangu achecheme zaidi siku ya kupangiwa klasi. Naombeni ushauri

Dada Mkubwa:
Wakuu, habari za jioni. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 18. Alipokuwa na miaka minne aliugua malaria, akachomwa sindano ya kwinini takoni, na kesho yake mguu wa kushoto ukalala. Nguvu zilirudi nusu. Shavu la mguu huo ni jembamba kama mkono wangu, na kiatu cha kushoto kila mara kinalika upande wa nje tu. Lakini mbio anazo! Mita 100 shuleni anawaacha wenye miguu mizima.

Sasa anatakiwa kwenda mashindano ya nje ya riadha ya watu wenye ulemavu, na huko ndiko atapimwa kwa mara ya kwanza apangiwe klasi ya kimataifa, yaani kundi la wenye ulemavu unaolingana na wake. Kocha kamwambia: "Siku hiyo chechema kweli kweli, ukiambiwa sukuma usisukume, utapata klasi nyepesi ya kushinda." Mama naye kampima kwa futi ya fundi cherehani, kaona mguu umepungua sentimita mbili na nusu, anasema hiyo inatosha kabisa. Mimi roho inasita. Nifanyeje?

Chizi wa Mpira:
Dada, bongo kila mtu anajiongeza. Achecheme tu, nani atajua?

Fizio Mstaafu:
Watajua, tena mapema. Nimefanya kazi ya viungo miaka mingi, mtu anayejifanya dhaifu huachia msuli kwa kushtukashtuka, udhaifu wa kweli hauko hivyo. Na wanaompima huwa wawili au zaidi, halafu wanakwenda kumtazama akikimbia kwenye mashindano yenyewe. Asiyejituma kwenye vipimo, zoezi linasimamishwa, anabaki bila klasi. Ikithibitika amedanganya makusudi anafungiwa, na kocha aliyemfundisha uongo naye hasalimiki.

Kuhusu futi ya mama, mpe pole. Kwenye riadha tofauti ya urefu wa miguu inaanzia sentimita 7. Tegemeo la dogo ni nguvu ya misuli. Anapimwa msuli mmoja mmoja, alama 0 hadi 5, na kwa mkimbiaji nguvu ya kusukuma ardhi kwa mbele ya mguu ina uzito mkubwa. Mjaribu leo: asimame mguu mmoja, aguse ukuta kwa vidole tu asije akaanguka, ainue kisigino mpaka juu, ashushe, arudie. Hesabu kila upande. Leta majibu hapa.

Mama Jeri:
Aongeze na maumivu ya nyonga, si yapo? Wamwonee huruma.

Fizio Mstaafu:
Maumivu hayahesabiwi, dada yangu. George Bates, Mwingereza wa kikapu cha viti vya magurudumu, alikuwa bingwa wa dunia na timu yake mwaka 2018. Mwaka 2020 akaambiwa hastahili, kwa sababu ugonjwa wake wa maumivu makali ya mguu haumo kwenye orodha ya ulemavu unaokubalika. Mguu wenyewe hata kuutumia ilikuwa shida. Binafsi naona alionewa, lakini kanuni ndiyo hiyo.

Kijana wa Uwanjani:
Naomba kuuliza, hizi namba za klasi zinasomwaje? Ojuka wa Kenya alipata fedha ya kuruka chini Paralimpiki ya Paris 2024, klasi ya T37, na miguu yote anayo.

Mzee wa Fimbo:
Namba ya kwanza ni aina ya ulemavu, ya pili ni uzito wake. T ni mbio na kuruka, F ni kurusha. 35 hadi 38 ni wanaosimama wenye shida ya ubongo kuongoza misuli, kama kukakamaa. Namba ya pili ikiwa ndogo, ulemavu ni mzito zaidi. Dogo wa huyu dada akikubaliwa nahisi atatua T44, wenye ulemavu wa mguu mmoja chini ya goti, wanaokimbia bila mguu bandia. Ndiyo klasi ya Mpumelelo Mhlongo wa Afrika Kusini, aliyechukua dhahabu ya mita 100 Paris. Kwa hiyo "klasi nyepesi" ya kocha sijui iko wapi.

Dada, wewe hangaika na karatasi. Ripoti ya daktari na kipimo cha neva viende mapema kupitia chama cha taifa. Wengi wetu tunakwamia hapo, mtu anafika na mguu wake tu, hana faili. Na wakimkuta hastahili, jopo la pili linampima upya kabla uamuzi haujawa wa mwisho.

Dada Mkubwa:
Asanteni sana. Nimempima sasa hivi barazani, mama anahesabu kwa sauti. Kulia kaenda mara 25 bila shida, tukamwambia basi. Kushoto kajaribu mpaka jasho likamtoka, kisigino hakikuachana na sakafu hata mara moja. Mama kanyamaza. Halafu dogo kaniuliza, "Sasa hapo kocha alitaka nichecheme vipi tena?"

Jumatatu tunaenda kumwona daktari wa neva. Faili la utotoni mama anasema lilikuwa kwenye sanduku la bati, tunalipekua usiku huu.