Taa za dagaa nilizoziona Nyamhongolo: ya kipande kimoja, ya betri ya asidi au ya lithiamu?

Mvuvi_Igombe
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka maonesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo, Mwanza, na tangu juzi nawaza taa tu. Nina mitumbwi miwili ya dagaa hapa Igombe, kila mmoja taa nne, na nusu ya taa hizo bado ni karabai. Karabai moja inamaliza lita ya mafuta ya taa kwa saa nane hivi, na sisi tunakaa majini zaidi ya hapo. Karabai nne kwa usiku ishirini wa giza ni lita themanini na kitu, kabla sijagusa petroli ya injini. Giza lijalo nataka nianze kuziacha.

Mabanda ya sola yalikuwa mengi, lakini zinazonihusu ni aina tatu:

1. Ya kipande kimoja. Taa, betri na paneli vyote vimeungana, ndogo, nyepesi. Imeandikwa wati 200. Bandani walitaka 85,000.
2. Taa ya LED ya wati 10, na betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 20 pembeni. Jumla 110,000, paneli mbali.
3. Taa hiyohiyo ya wati 10, lakini betri ni ya lithiamu, volti 12, Ah 20, ndani ya boksi lililozibwa. 225,000, paneli mbali.

Ile ya kwanza ilipowashwa ndani ya hema watu waliziba macho. Nimenunua moja ya majaribio. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijatoa hela ya taa zilizobaki.

Fundi_Mabatini
Mkuu, asante kwa kuuliza kabla ya kununua zote. Mimi hizi nazifungua karibu kila wiki, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Achana na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Uliza wati-saa za betri. Zidisha volti kwa Ah, unapata chakula kilichomo ndani ya betri. Taa za kipande kimoja za umbo hilo nilizofungua mimi zilikuwa na betri ya volti 3.2, Ah 15. Hiyo ni wati-saa 48. Kama taa ingekula wati 200 kweli, ingezima baada ya dakika kumi na nne. Ili ifike alfajiri inabidi ile wati tano tu. Na ndivyo inavyofanya: inaanza kwa mwanga mkali, kisha saketi ya ndani inaupunguza kidogokidogo. Kwenye hema umeona dakika tano za mwanzo. Saa nane za usiku hukuziona.

Sasa namba 2. Volti 12 mara Ah 20 ni wati-saa 240. Inaonekana nyingi, lakini betri ya asidi ukiila zaidi ya nusu kila siku unaiua. Kwa hiyo hesabu 120. Taa ya wati 10 kwa saa kumi inakula 100. Inatosha, ila imebana, na betri ikichoka kidogo tu unakosa saa za mwisho.

Namba 3, lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, unaweza kuila hadi asilimia themanini au tisini bila kuiumiza. Hapo una wati-saa 200 hivi. Usiku wa kwanza jua likikosekana, wa pili bado unavua. Uzito ni kama kilo mbili na nusu, ya asidi ni kama kilo sita. Ikitunzwa inachajiwa na kuisha mara elfu mbili au zaidi, wakati ya asidi kwa matumizi hayo hupata mia tatu hadi mia tano.

Kwa mimi ni namba 3, na sababu kubwa kuliko zote ni kwamba betri iko mbali na taa. Taa ikifa unabadilisha taa. Betri ikifa unabadilisha betri. Ile ya kipande kimoja imegundishwa. Ikiingia maji mimi mwenyewe huwa namwambia mteja aache.

Jambo moja tu: kontrola ya chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, iwe na mpangilio wa lithiamu. Ukiichaji kwa kifaa cha betri ya asidi, saketi ya ulinzi ndani ya betri itakuwa inakata chaji njiani na utadhani betri ni mbovu.

MamaKayenze
Kaka wa Igombe, pole na hongera. Sisi tulitumia namba 2 kwa mwaka mmoja na miezi. Ubaya wake uko kwenye mbalamwezi. Mwezi ukijaa dagaa hawaufuati mwanga wa taa, vijana wanapumzika, betri zinarudishwa ghalani zikiwa tupu, na hakuna anayekumbuka kuzichaji. Ukija kuzichukua giza linapoanza, hazishiki tena. Fundi alitufungulia moja, sahani zake zilikuwa na ukoko mweupe. Betri ya asidi haitaki kulazwa na njaa.

Tena moja ilipinduka kwa wimbi, asidi ikamwagikia nyavu. Pale ilipogusa nyuzi zikaanza kukatika zenyewe. Nyavu ile nilikuwa nimeikopea.

Mimi ni mtu wa kuanika na kuuza, sishiki kasia, lakini taa zikizima saa tisa mimi ndiye ninayekosa dagaa wa kupeleka soko la Mwaloni Kirumba. Kwa hiyo taa ni yangu pia.

GizaTotoro
Naheshimu hesabu za fundi, ila nataka tufikirie na ziwa lenyewe. Taa haikai ndani ya mtumbwi. Inakaa juu ya boya, mbali, peke yake. Upepo ukibadilika ghafla, wewe unakata kamba na kukimbilia nchi kavu. Kuna usiku nilipoteza taa tatu kwa namna hiyo. Na wezi wa majini mnawajua. Wakikuta boksi la lithiamu wanachukua hilo kwanza, injini baadaye.

Ukipoteza namba 1 tatu ni 255,000. Namba 3 tatu ni 675,000. Kwa mwenye mtumbwi mmoja kama mimi, hiyo ya pili inanirudisha kuwa kibarua. Natumia za kipande kimoja, naweka sita badala ya nne, na dagaa wanakuja. Mwanga umefifia, kweli, lakini ni mwingi kwa idadi.

Fundi_Mabatini
@GizaTotoro hoja yako nimeielewa na sikuifikiria. Kwa mtu anayevua sehemu za upepo mkali, taa sita dhaifu zina maana. Ila angalia alama ya maji. IP65 inazuia maji ya kurushwa tu. IP67 inavumilia kuzama hadi mita moja kwa nusu saa. Boya likipinduka, tofauti ya tano na saba ndiyo tofauti ya kuwa na taa kesho.

Nansio_Kijana
Huku Ukerewe kuna wanaokodi: unachukua taa iliyochajiwa jioni, unairudisha asubuhi, unalipia usiku uliovua tu. Mbalamwezi hulipi kitu. Kwa anayeanza ni nafuu, lakini kwa mitumbwi miwili, mkuu, ukipiga hesabu ya msimu mzima utaona unamlipa mtu mwingine bei ya betri yako.

Halafu waranti. Aliyekuuzia kwenye hema, tarehe 9 Agosti yuko wapi? Mimi nilinunua kwa mtu wa maonesho, taa ikafa wiki ya tatu, namba yake haikupatikana tena. Nikavuka na meli hadi Mwanza kwa ajili yake, nikarudi nayo vilevile.

Mzee_wa_Kirumba
Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Mtaa wa Makoroboi pale mjini uliitwa hivyo kwa sababu ya koroboi, vile vitaa vya bati vilivyotengenezwa kwa makopo. Fundi alikuwa anakaa pale alipokiuzia, ukirudi na malalamiko unamkuta na nyundo yake. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye hizi za kisasa.

Hata maonesho makubwa ya vifaa vya umeme kule Las Vegas, yanayofanyika kila Januari, vinaoneshwa vitu vingi ambavyo havijaanza hata kuuzwa. Kilicho mezani na kilicho ndani ya boksi unalopewa vinaweza kuwa vitu viwili.

Kabla ya kuipeleka ziwani, ichaji ijae, iwashe saa moja jioni nyumbani, iangalie saa sita, saa tisa, na kumi na moja. Kesho yake ifunge jiwe, izamishe kwenye pipa la maji nusu saa. Ikitoka inawaka, ndipo uipe kamba.

Mvuvi_Igombe
Nimewasikia wote, Mungu awabariki. Mzee, ile niliyonunua, jana usiku niliiwasha kama ulivyosema. Saa moja ilimulika hadi kwenye mwembe wa jirani. Saa tisa nilikuwa nasoma saa yangu kwa shida nikiwa nimesimama karibu nayo.

Nimeamua hivi: mtumbwi mkubwa, unaokwenda mbali, utapata namba 3 nne, lakini nitanunua kwa mwenye duka mjini, si hemani. Boksi la betri nitalifunga kwa kamba yake mwenyewe, mbali na ya boya, kwa ajili ya hofu ya GizaTotoro. Mtumbwi mdogo unaovua karibu na mwalo utabaki na karabai mbili, nijazie na za kipande kimoja zenye IP67 nikizipata.

Fundi, Jumamosi nakuja Mabatini na hii ya wati 200. Naomba uifungue mbele yangu, niione hiyo betri kwa macho.