Nakula mbio mpaka sijui nimekula nini, nisaidieni (Kisumu)

Niaje wadau. Mimi niko hapa Kisumu, nauza spea za pikipiki upande wa Kondele. Chakula kipo, namshukuru Mungu, shida ni vile nakula. Saa saba mama wa kibanda analeta chapo madondo na mteja ako hapo anataka plagi, mkono mmoja unatafuta kwa boksi mkono mwingine unaingiza chapo mdomoni, ukiniuliza kama madondo yalikuwa na chumvi siwezi kukujibu. Usiku ndio mbaya zaidi, nafika kwa nyumba saa nne, ugali ya nguvu na samaki mbuta wa kukaanga, simu nimeegemeza kwa jagi naangalia mpira, nikishtuka sahani ni tupu na mkono bado unapapasa. Nikilala kiungulia kinaamka.

Juzi kuna watu walikuwa wanapima sukari bure, nilikuwa sijakula tangu usiku, ikasoma 6.4. Dada aliyenipima akaniambia si ugonjwa bado lakini nisikae tu hivyo. Sasa kuna jamaa ananiuzia poda ya majani, eti inatibu mwili, akili na roho kwa pamoja, unakunywa asubuhi ukishukuru, mkebe elfu nne. Bibi yangu amekataa kabisa, anasema hiyo ni omena ya miezi. Hii maneno ya kula polepole na kushukuru inasaidia ama ni ya watu wa TikTok?

OmeraNyalenda: Nitumie hiyo elfu nne mimi nitakushukuru asubuhi na jioni 😂😂

MaabaraTu: Wacha poda kwanza. Kwa kipimo cha kabla ya kula, WHO wanasema 6.1 mpaka 6.9 ni ya katikati, ikifika 7.0 ndio tunaongea kisukari, na hata hapo lazima kipimo kirudiwe. Enda kituo cha afya uulize kuhusu kipimo cha damu kinaitwa HbA1c, hiyo inaonyesha sukari yako imekuwa aje kwa miezi miwili mitatu, si ya asubuhi moja. Kuhusu mbio, tumbo huchukua kama dakika 20 kuambia ubongo limeshiba, na wewe hapo ushamaliza sahani na umeongeza. Kiungulia nacho, ukikula saa nne na saa nne na nusu umelala, unategemea nini? Acha masaa mawili matatu hapo katikati. Lakini kama kifua kinabana ama chakula kinakwama kushuka, hiyo si ya kuuliza hapa, onana na daktari.

KukhuWaMumias: Mwanangu, hii kitu wanakuuzia sisi tulilelewa nayo. Maji ya kunawa yanazunguka, mmoja anaomba, mkubwa anamega kwanza. Halafu ugali haikuliwi kwa kijiko, unamega kidogo, unaviringa kwa kiganja, unabonyeza na kidole gumba pawe na shimo, ndio unachota mrenda. Kila tonge hivyo. Hata ukitaka kukimbia utakimbia aje? Na tonge liwe dogo, si hizo ngumi zenu.

Thomaso_Nakuru: Heshima mama, lakini shukrani haishushi sukari. Nina jirani anaombea chakula mpaka supu inapoa, kisha anaangusha mlima wa ugali na soda juu. Na msije mkasema ale ugali ya wimbi, ni nzuri kuliko unga ya kukobolewa lakini bado ni wanga, ukijaza sahani umejaza.

MaabaraTu: Thomaso kweli haishushi. Kazi yake ni kukusimamisha kidogo uone kile kiko mbele yako. Kuna Mmarekani anaitwa Jon Kabat-Zinn, alianzisha mafunzo ya utulivu huko Massachusetts mwaka wa 1979, watu wanapewa zabibu kavu moja, wanaiangalia, wanainusa, wanaitafuna polepole. Wenzetu wanalipia darasa la kile Kukhu amesema bure.

NyarDunga: Zabibu sina, omena ninayo 😄 Na ulivyo na bahati uko Kisumu, wacha kukaanga kila siku. Chemsha mbuta na nyanya na dania. Omena unaila na mifupa yake, kalsiamu iko hapo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, osuga ama dek, kamulia ndimu, madini ya chuma yanaingia vizuri, na ile chai ya kuteremshia chakula isogeze mbele kama saa moja, inazuia hayo madini.

SpeaKondele (mwenye uzi): Asanteni, poda nimeachana nayo, bibi anacheka tu. Lakini saa nne usiku sina budi, duka nafunga saa tatu. Nifanyeje?

NyarDunga: Geuza. Chakula kizito kiwe cha saa saba, weka kiti nyuma ya duka, mwambie mteja dakika kumi na tano, plagi haitaoza. Jioni kabla hujafunga kula ndizi na njugu, ukifika nyumbani ni mboga na kaugali kadogo, hutakuwa na ile njaa ya kupapasa.

SpeaKondele (mwenye uzi): Hiyo naweza. HbA1c naenda Jumatatu. Lakini simu Jumamosi kukiwa na mechi hapana, tusidanganyane.

OmeraNyalenda: Mechi angalia, sahani ndio ibaki jikoni. Na hiyo elfu nne bado nangoja 😂